Soketi Chini ya Usukani: Shajara ya Mradi

Novemba 2025: tunachotaka

Mradi ukiuandika ni mdogo. Tunataka kifaa cha kusomea gari ambacho fundi wa kawaida anaweza kukinunua, na daftari la Kiswahili linaloeleza msimbo fulani wa hitilafu ukitokea, uanze kukagua wapi na uendelee wapi. Tuko wachache kwenye gereji moja hapa Mombasa, upande wa Changamwe: mafundi wa injini, fundi waya mmoja, na mimi niliyetokea kwenye kutengeneza kompyuta na redio. Mzee mwenye gereji ametupa kona ya stoo kwa sharti moja tu, tusizuie gari la mteja.

Kilichotusukuma ni bili. Mteja analipa pesa ya kupimiwa gari kwa mashine kabla spana haijagusa kitu, anapewa karatasi yenye msimbo mmoja, kisha anaambiwa akanunue sensa. Sensa yenyewe imeshukiwa kwa ushahidi gani, haelezwi. Akinunua na taa ya injini ikawaka tena, anaambiwa ile aliyonunua ilikuwa bandia. Huenda ni kweli. Ila hana namna ya kujua.

Kwanza tulitaka sote tuelewe kwa nini ile soketi ya kuchomekea kifaa cha kusomea gari iko pale chini ya usukani. Mwenye gari hakufikiriwa. California ndiyo iliyowabana watengenezaji kwa ajili ya moshi, na kuanzia magari ya modeli ya 1996 Marekani nzima ikataka gari dogo jipya liwe na soketi ya pini 16 inayotumia utaratibu mmoja. Ulaya ikafuata mwaka 2001 kwa magari ya petroli, dizeli baadaye kidogo. Kwa hivyo kilichofunguliwa kisheria ni kinachohusu moshi, yaani injini na vinavyoizunguka. Breki za ABS, mifuko ya hewa, usukani wa umeme, taa na milango, hayo kila kampuni ilibaki na lugha yake. Ndiyo maana skana ya bei rahisi huisoma injini vizuri, ikifika kwenye breki inanyamaza, na mwenyewe anairudisha dukani akidhani kauziwa kibovu.

Desemba: vifaa

Soko limejaa vijisanduku vya Bluetooth vilivyoandikwa ELM327, vya kuchomeka kwenye soketi hiyo na kulisoma gari kwa simu. ELM327 ya asili ilikuwa chipu ya Elm Electronics, kampuni ya Kanada iliyofunga biashara mwaka 2022. Toleo lake la kwanza liliuzwa bila kuwekewa kinga ya kunakiliwa, likanakiliwa, na nakala hizo ndizo zilizotapakaa duniani. Nyingi hujitambulisha kuwa toleo la 1.5, ambalo kampuni yenyewe haikuwahi kulitoa. Sizidharau. Bila hizo, mafundi wengi wa hapa wangekuwa bado wanabahatisha kwa kuondoa hiki na kuweka kile. Lakini mbili zenye rangi moja na kibandiko kimoja zinaweza kuwa tofauti kabisa ndani, basi kila moja tunaiandikia amri kutoka kwenye simu kabla ya kuiamini. Inayokataa kubadilishiwa kasi na anwani inawekwa kando, hata kama kwenye gari la kisasa inafanya kazi.

Sababu ni magari yetu. Mengi yalitengenezewa soko la Japani, na yale ya mwanzoni mwa miaka ya 2000 yana soketi ileile na pini zilezile, lakini ukichomeka kifaa simu inakwambia hakuna mawasiliano. Tatizo liko kwenye njia ya zamani ya waya mmoja, pini namba 7. Utaratibu wa kimataifa unataka kompyuta ya injini iamshwe kwa anwani 33 na mazungumzo yaende kwa kasi ya biti 10,400 kwa sekunde. Baadhi ya Toyota za Japani za enzi hizo huamka kwa anwani 13 na kuzungumza kwa 9,600. Kwenye programu ya simu unaandika ATIB96, kisha ATIIA13, pamoja na kichwa cha ujumbe kinacholingana na gari, na kimya kinakatika.

Tulianza na Probox ya mteja anayesambaza mikate. Huko alikotoka aliambiwa gari lake "halina kompyuta". Baada ya amri hizo likatoa joto la maji, mizunguko ya injini na misimbo miwili ya zamani iliyokuwa imehifadhiwa. Mzee alisimama nyuma yetu muda mrefu, akauliza: "Kwa hivyo siku zote hizi lilikuwa latwambia, sisi ndio hatujui kulisalimu?"

Ndivyo ilivyo, Mzee. Amri hizo sasa ziko ukurasa wa kwanza wa daftari.

Bado Desemba: bila skana

Fundi mmoja wa makamo alituonyesha njia ambayo vijana wengi wa hapa hawajawahi kuiona. Kwenye Toyota nyingi za miaka hiyo unaunganisha pini 4 na pini 13 kwa kipande cha waya au klipu ya karatasi, unafungua swichi bila kuwasha injini, na taa za dashibodi zinaanza kupepesa. Unahesabu. Taa ya ABS ikipepesa mara tatu, ikapumzika, ikapepesa mara moja, hiyo ni 31: sensa ya gurudumu la mbele kulia. 32 ni mbele kushoto, 33 nyuma kulia, 34 nyuma kushoto. Ikipepesa haraka haraka bila kupumzika, hakuna msimbo.

Tulijaribu kwenye Noah iliyokuwa imekaa na taa hiyo tangu mwenyewe aishushe bandarini. Ikatoa 31. Gurudumu likavuliwa, waya wa sensa ulikuwa umesuguliwa na chuma mpaka shaba inaonekana. Fundi waya akaunganisha, akafunika, akabana mbali na chuma, taa ikazima. Hakuna kilichonunuliwa dukani.

Mchoro wa soketi tumeubandika ukutani. Upande mpana ukiwa juu na wewe ukiutazama uso kwa uso, pini 1 hadi 8 ziko safu ya juu kuanzia kushoto, 9 hadi 16 safu ya chini. Pini 16 tumeizungushia wino mwekundu kwa sababu ni umeme wa betri moja kwa moja. Ukiigusisha na 4 au 5, ambazo ni ardhi, ukiwa na bahati utaunguza fyuzi tu. Tena njia hii ni ya Toyota za kizazi hicho. Usiipeleke kwenye gari la Kijerumani kwa kuwa soketi zafanana.

Januari 2026: P0171, ukurasa uliotuchelewesha

Tulidhani daftari litakuwa kazi ya kutafsiri orodha. Orodha zimejaa mitandaoni, na hazimsaidii mtu. Msimbo ni malalamiko yaliyofikishwa mahakamani, hukumu bado. Na huku kwetu watu wanahukumu siku hiyohiyo.

P0171 husema hewa imezidi kiasi kinachofaa kwa mafuta yaliyopo. Sensa ya oksijeni kwenye ekzosi ndiyo iliyotoa taarifa, na ndiyo inayobadilishwa kwanza, yaani anayefungwa ni shahidi. Sasa ukurasa wetu unaanza na kitu ambacho hata skana ya bei rahisi hukionyesha: ile asilimia ambayo kompyuta inaongeza au kupunguza mafuta ili kusawazisha mchanganyiko. Usome injini ikiwa imepata moto, gari limesimama, hujakanyaga mafuta. Kisha upandishe mizunguko hadi 2,500 kwa dakika, usubiri kidogo, usome tena.

Kama nyongeza ni kubwa gari likisimama na inashuka ukipandisha mizunguko, kuna hewa inayoingia kwa wizi baada ya sensa ya hewa: mpira uliopasuka, gasketi, bomba la breki. Tundu ni lilelile, lakini injini ikivuta hewa nyingi tundu hilo linakuwa dogo katika hesabu nzima. Kama nyongeza inakua kadiri unavyoipa injini kazi, basi mafuta hayatoshi au hewa haipimwi sawasawa: pampu, chujio la mafuta, nozeli, au sensa ya hewa iliyojaa vumbi. Kabla hujafungua boliti hata moja, nusu ya washukiwa umeshawaachia.

Vitz ya dada mmoja anayefanya kazi bandarini ilikuja na karatasi ya kumtaka anunue sensa ya oksijeni. Ikiwa imesimama, kompyuta ilikuwa ikiongeza asilimia 24. Kwenye 2,500 ikawa 6. Tukapuliza moshi kwenye njia ya hewa, ukatokea chini ya mpira mdogo wa kupumulia injini, umepasuka kwenye kona ambayo jicho halifiki. Mpira huo ni wa bei ya chai na mahamri. Dada yule alitutazama, akatazama ile karatasi, akaikunja akaitia mkobani. Sikumuuliza ataipeleka wapi.

Kuna ukurasa mwingine nafikiri ndio utakaosomwa zaidi, nao si wa mafundi. Wauzaji wengine hufuta misimbo asubuhi ya siku mnunuzi anapokuja, taa ikalala. Lakini kompyuta huhesabu kilomita zilizokwenda tangu misimbo ifutwe, na hueleza majaribio yake ya ndani yapi yamekamilika na yapi bado. Gari linaloonyesha kilomita 3 tangu kufutwa, na majaribio karibu yote hayajakamilika, lina jambo. Mwambie muuzaji akuruhusu uliendeshe zaidi, kisha usome tena.

Mwisho wa Januari: 2019 imefika

KEBS, shirika la viwango la Kenya, hairuhusu gari lililotumika kuingia Kenya likiwa limezidi miaka minane tangu lisajiliwe mara ya kwanza, na tangu Januari hii kipimo kimesogea hadi magari ya 2019. Mengi yanayoshuka Kilindini ni yale yaliyokaribia ukomo huo, kwa kuwa ndiyo nafuu. Maana yake ni kwamba uamuzi wa mhandisi wa 2019 unamfikia fundi wa Changamwe mwaka huu, na uamuzi wa 2020 utamfikia mwakani.

Na ni miaka ileile ambayo kufuli zilianza kuwekwa. Mwaka 2015 Charlie Miller na Chris Valasek walionyesha huko Marekani kwamba wanaweza kuliendesha Jeep Cherokee wakiwa mbali, kupitia mtandao wa simu uliounganishwa na redio ya gari. Magari milioni 1.4 yakaitwa kurekebishwa. Kuanzia modeli za 2018 FCA, kampuni iliyokuwa ikitengeneza Jeep, ikaweka lango la usalama kati ya soketi na kompyuta za ndani: skana isiyosajiliwa inasoma, haifuti na haijaribishi chochote. Volkswagen ikaja na kinga yake kwenye Golf ya nane. Nissan nayo ikaweka lango kwenye baadhi ya modeli zake mpya. Natambua hofu yao, ilikuwa ya kweli. Lakini wavamizi wale waliingia kwa njia ya hewani, na aliyefungiwa ni mtu aliyepiga magoti chini ya usukani akiwa na ufunguo wa gari mkononi.

Kwenye daftari tumeongeza safu mpya, "lango", na tunaandika tulichokiona wenyewe: linasoma, linafuta, linajaribisha, au linakataa. Sehemu kubwa ya safu bado ni tupu.

Februari: kioo

Hatukutarajia kwamba kioo cha mbele kingetushinda kuliko kompyuta. Gari la 2019, kioo kimepasuliwa na jiwe kwenye barabara ya Mariakani, limewekwa kingine sehemu nyingine, likaletwa kwetu likiwa na taa ya onyo. Nyuma ya kioo, karibu na kile cha kutazamia nyuma, kuna kamera inayosoma mistari ya barabara na gari lililo mbele. Kioo kipya kikiisogeza kamera hata kidogo, inatazama pasipo. Kuirekebisha kunataka ubao wa shabaha uliowekwa kwa vipimo, programu ya mtengenezaji, na sakafu iliyo sawa. Sakafu yetu ina mteremko wa kupitishia maji ya mvua.

Tulilipeleka mahali penye vifaa. Gharama ilikaribia ya kioo.

Kule lilikotoka gari hilo, sheria imeshalitazama jambo hili. Japani ilibadilisha sheria yake ya magari kuanzia Aprili 2020: kazi ya kurekebisha kamera na rada ikawa ya gereji zilizoidhinishwa, na palepale watengenezaji wakatakiwa kuzipa gereji hizo taarifa za kiufundi. Sharti na haki vimekuja pamoja. Gari linapopakiwa melini kuja kwetu, kamera inakuja, taarifa zinabaki.

Machi: tuliyoyakataa

Habari za kona yetu zimeenea, na si wote wanaokuja wana nia njema. Mtu alitaka kilomita zirudishwe nyuma. Mwingine alitaka taa ya mifuko ya hewa izimwe kwenye gari lililogongwa, mifuko yenyewe imekwisha lipuka, apate kuliuza. Mwingine ana gari, hana ufunguo, wala karatasi. Mzee aliwajibu kabla yangu, kwa lugha ambayo siiandiki hapa.

Kwa hivyo tumeweka mipaka kwa maandishi. Hatugusi kilomita. Hatuzimi taa ya mifuko ya hewa bila kuondoa kilichoiwasha. Hatuandiki ufunguo bila kadi ya gari na kitambulisho. Hatukati katalisti, kile kisafisha moshi cha kwenye ekzosi, wala kuidanganya kompyuta kwamba ipo. Kwenye Aqua na mahaibridi mengine, yaani magari ya petroli na umeme pamoja, nyaya za rangi ya chungwa haziguswi kabla plagi ya usalama haijatolewa na dakika 10 hazijapita. Betri ya Aqua ya kizazi cha kwanza ina vipande 20 na volti 144, na haijui kwamba wewe ni mwanafunzi.

Kuna anayesema mambo haya ndiyo sababu ya kufunga kila kitu. Nimebishana naye sana. Yule wa kilomita aliondoka kwetu na nina hakika alipata mtu wa kumfanyia, kwa sababu vifaa vya kazi hiyo vinauzwa na havikungoja ruhusa ya mtengenezaji. Kufuli imemzuia mwenye gari mwaminifu kuliko ilivyomzuia huyo. Na kufungwa kwa programu hakujawahi kuwa dhamana ya uaminifu wa waliomo ndani. Mwaka 2015 ilibainika kwamba Volkswagen ilikuwa imeandika ndani ya kompyuta za dizeli maagizo ya kutambua jaribio la moshi na kubadilisha mwenendo, kwenye magari yapatayo milioni 11. Waliofumbua macho ya watu ni watafiti wa Chuo Kikuu cha West Virginia waliofunga vipimo nyuma ya gari na kwenda nalo barabarani.

Machi, tena: sheria za wengine

Fundi waya aliniuliza kama kuna nchi ambapo jambo hili limeshaamuliwa. Nimeandika ukurasa mmoja, nao ni huu kwa ufupi.

Massachusetts walipiga kura mwaka 2012, wakataka mtengenezaji azipe gereji huru taarifa na zana anazowapa mawakala wake. Mwaka 2014 watengenezaji wakakubali kwa makubaliano kuyatekeleza hayo Marekani nzima. Kisha data ikahama kutoka kwenye soketi na kuanza kurushwa hewani kwenda kwa mtengenezaji, ikabidi wapige kura tena 2020, na takriban asilimia 75 wakasema ndiyo. Watengenezaji wakaenda mahakamani. Juni 2023 mamlaka ya usalama barabarani ya serikali kuu ikawaandikia watengenezaji wasiifuate sheria hiyo, Agosti ikalegeza msimamo. Februari 2025 jaji akaitupa kesi ya watengenezaji. Ulaya, Oktoba 2023, Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua katika kesi ya A.T.U. na Carglass, kampuni za matengenezo ya magari, dhidi ya FCA Italy kwamba mtengenezaji hawezi kuifungia gereji huru soketi kwa masharti ya ziada kama kujisajili au kuunganishwa kwanza na seva yake. Afrika Kusini ina miongozo ya Tume ya Ushindani iliyoanza 1 Julai 2021, inayomruhusu mwenye gari kulitengeneza nje ya wakala bila kupoteza dhamana kiholela.

Ya Afrika Kusini naipenda zaidi kwa sababu haikungoja bunge. Sisi tuna mlango ambao wao hawana: magari yetu mengi hukaguliwa na mawakala wa KEBS kabla hayajapakiwa. Wanatazama breki, taa, mwaka, upande wa usukani. Kuongeza swali moja kwenye fomu, kama taarifa na zana za kulitengeneza gari hili zinapatikana Kenya kwa gereji isiyo ya wakala, ni kazi ya kalamu. Nimeandika rasimu ya barua. Mzee anasema ni ndefu mno, hakuna ofisa atakayefika mwisho. Naipunguza.

Hali ya sasa

Kurasa za injini za Toyota zimekamilika kiasi cha kuchapishwa, na zinatumika gereji mbili za jirani. Vifaa vilivyopita majaribio tumevitia alama ya rangi. Nissan na Mazda bado tunakusanya. Golf ya mteja wa Nyali ilisomwa yote, ikakataa kufutwa msimbo wa usukani, nayo imeegeshwa kivulini ikingoja mtu mwenye akaunti kwa mtengenezaji. Kwenye safu ya "lango" nimeandika: linasoma, halifuti, 2020.